Impreza haishiki kona: anza na dalili, spea baadaye

Nilinunua springi fupi kabla ya kusoma tarehe ya tairi zangu. Gari lilikuwa Subaru Impreza WRX ya 2003, bodi ya GDA, mtumba wa Japani, na kilichonikera ni zile kona za kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Kwenye kona ya kushoto nakata usukani, pua inachelewa kusikia. Nakata zaidi, tairi za mbele zinaanza kulia na gari linazidi kusogelea katikati ya barabara. Fundi wa kwanza alilizunguka mara moja akasema, "Kaka, hili liko juu mno, tulishushe." Tukalishusha sentimita nne. Kona zikawa mbaya kuliko mwanzo, na kila tuta la barabara ya Morogoro nikaanza kulijua kama jirani. Wiki ya tatu, nikiwa naosha gari, nikaona namba nne ubavuni mwa tairi ya mbele: 3109. Yaani imetengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2009. Kashata zilikuwepo bado, zinapendeza kwa macho, lakini raba yenyewe ilikuwa imekauka kama kandambili iliyosahaulika juu ya bati. Hakuna springi inayotibu hilo.

Ndiyo maana nimepanga mambo kwa dalili. Tafuta ile inayofanana na ya gari lako, pitia visababishi kwa mpangilio nilioweka, maana cha bure na cha bei ndogo nimekitanguliza, kisha badilisha kitu kimoja tu, ujaribu, ndipo uende kingine. Vipimo ninavyotaja ni vya Impreza za 2000 hadi 2007. Mwenye Forester ya SG hatapotea, hao wawili chini ni ndugu. Na mwenye gari jingine lolote lenye shokapu za mtindo wa MacPherson mbele (shokapu na springi kwa pamoja ndizo nguzo ya gurudumu), namba zitatofautiana lakini sababu ni zilezile.

Kabla ya kugusa spana

Upepo wa tairi upime asubuhi, gari halijatembea, kwa kipimo chako mwenyewe. Vile vya vituo vya mafuta nimekuta viwili vya barabara moja vikipishana psi 5. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataja kiasi sahihi. Kwa WRX nyingi za umri huu ni psi 32 au 33. Soma tarehe za tairi zote nne, na uhakikishe zote ni za aina moja na zimechakaa sawa. Gari hili linavuta kwa magurudumu yote manne, na Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6.4. Ukifunga mbili mpya na kuacha mbili kipara, unaumiza difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) kabla hata hujafika kwenye suala la kona.

Halafu inua gari, weka stendi (jeki peke yake si ya kuamini ukiwa chini), ushike gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mshuku beringi au bolijointi (kiungo kinachoshika gurudumu kwa chini). Lishike kushoto na kulia ulitikise tena. Likicheza hapo, ni tairodi endi au raki endi, viungo vya fimbo za usukani. Mchezo wowote hapa unatibiwa kwanza. Kufunga stabilaiza nene (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi lisilale sana) kwenye gari lenye bolijointi iliyokufa ni kumvalisha suti mgonjwa wa tumbo.

Jaribio nalo lisifanywe barabarani. Mlima Kitonga una malori, na mwenye lori hajui kwamba wewe unapima shokapu. Tafuta uwanja mpana wenye lami au sakafu ya zege, omba ruhusa, panga ndoo tupu za rangi kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 15. Zunguka kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ongeza taratibu. Kati ya 35 na 40 tairi nyingi za kawaida zinafika mwisho wake, na hapo gari linakwambia ukweli: ama pua inatanua duara, ama mkia unataka kuingia mbele yako. Andika kwenye daftari mwendo, upepo, na ulichohisi. Bila daftari utajidanganya. Mimi nilijidanganya, kila nilichokilipia nilikihisi kimefanya kazi.

Dalili: unakata usukani, pua inatoka nje

Huu ndio ugonjwa wa kuzaliwa nao. Injini ya boksa imekaa mbele ya ekseli ya mbele, na karibu asilimia 60 ya uzito wa gari iko upande huo. Kiwandani nao wameliseti kwa tahadhari, kwa sababu dereva wa kawaida akishtuka huachia mafuta, na gari linalotoka kwa pua husamehe kosa hilo kuliko linalotupa mkia.

Tairi na upepo umeshaviangalia. Sasa chukua chaki ya shuleni, chora mistari mitatu minene kwenye kila tairi ya mbele, kuanzia kashata za pembeni hadi kwenye ubavu. Zunguka duara lako mara tano kwa kasi ile ya mwisho, kisha shuka utazame. Chaki ikifutika mpaka ukingo wa kashata na kuishia hapo, upepo na mkao wa tairi viko sawa. Ikifutika na kushuka sentimita moja au mbili kwenye ubavu, tairi inajikunja na kutembelea bega lake la nje. Ongeza psi 2, chora upya, rudia. Ukifika psi 38 na chaki bado inafutika ubavuni, tatizo si upepo tena. Ni kemba.

Kemba ni mwinamo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele ya gari: kichwa kikiinamia ndani ni hasi, kikiinamia nje ni chanya. Kwenye shokapu za MacPherson, bodi likilala kwenye kona gurudumu la nje linalala nalo, na lile lililosimama wima ulipoegesha linajikuta limeinamia nje, bega moja chini, nusu ya kashata hewani. Dawa ni kulianzisha likiwa limeinamia ndani kidogo, ili kona ikililaza lisimame wima.

Habari njema ni kwamba Impreza inakuja na dawa hiyo bure. Shokapu ya mbele imefungwa kwa bolti mbili kwenye chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Ya chini ni ya kawaida. Ya juu ina kichwa chenye duara lililokaa upande, na alama ndogo za mistari. Ukilegeza nati zote mbili na kuizungusha ile ya juu, gurudumu linaingia au linatoka. Magari mengi niliyoyaona kwenye mashine yalikuwa na kemba ya mbele ya nusu nyuzi hasi au chini ya hapo, tena kushoto na kulia tofauti. Kwa bolti hiyohiyo niliyapata yangu nyuzi 1.3 hasi pande zote mbili. Wakati wa kukaza, mtu mmoja asukume kichwa cha gurudumu kuelekea ndani huku mwingine akikaza, la sivyo ule ulegevu mdogo wa tundu unakula nusu ya ulichopata. Paka mstari wa rangi kwenye kichwa cha bolti na chuma kilicho nyuma yake. Bolti ikiteleza baada ya shimo kubwa utaona mstari umekatika. Kisha nenda alaimenti siku hiyohiyo, kwa sababu ukigusa kemba, too (magurudumu yanavyoelekea ukiyatazama kutoka juu) nayo inahama.

Kama umefanya haya na pua bado inatanuka, ndipo tunafika kwenye stabilaiza ya nyuma, na hapa sina kigugumizi: kwa hela moja, ndiyo spea iliyobadilisha gari langu kuliko nyingine zote. Watu huniuliza, tatizo liko mbele, kwa nini nifunge kitu nyuma? Kwenye kona uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na stabilaiza ndiyo inayoamua ekseli ipi ibebe sehemu kubwa ya mhamo huo. Ukiikaza ya nyuma, nyuma inabeba zaidi, na tairi ya mbele ya nje inapumua. Hiyo ndiyo iliyokuwa inalia.

Unene unadanganya macho. Yangu ya zamani niliipima kwa kalipa nikapata milimita 20, nikafunga ya milimita 22. Mtu akizishika mkononi haoni tofauti. Lakini ugumu wa fimbo ya duara unakwenda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne: 22 kwa 20 ni 1.1, na 1.1 ikizidishwa hivyo ni 1.46. Milimita mbili, ugumu umepanda kwa asilimia 46. Ndiyo maana sishauri mtu aruke moja kwa moja hadi 24. Nunua ya 22 yenye matundu mawili au matatu ya kufungia linki, vile vijiti vya kuiunganisha na mikono ya magurudumu (Whiteline wanazo za gari hili, na si wao peke yao), anza na tundu la mwisho kabisa, lililo laini.

Vitu viwili vitakusumbua baada ya hapo. Linki za kiwandani kwenye Impreza nyingi za umri huu ni za plastiki na hazikuumbwa kwa mzigo huo, kwa hiyo weka za chuma. Na vile vibano vinavyoshikilia stabilaiza ya nyuma kwenye bodi ni vyembamba. Vinapinda, vingine vinachanika. Vipo vilivyoimarishwa vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Ukipata fundi mzuri wa kuchomelea, aviongezee bati kabla ya kuvifunga, si baada ya kuchanika.

Kuna pia kifaa kinachoshusha bushi ya nyuma ya kontroli amu ya mbele (mkono wa chini unaoshika gurudumu) na kuongeza kasta, mwinamo wa nguzo ya gurudumu ukiitazama kutoka ubavuni. Kinapunguza pua kuinuka unapokanyaga mafuta ukitoka kwenye kona, na usukani unakuwa na uzito mzuri. Ni kizuri, lakini ni cha baada ya stabilaiza.

Ile fimbo inayong'aa ya kuunganisha minara ya shokapu juu ya injini? Inapendeza ukifungua boneti. Kwenye daftari langu, kabla na baada, mwendo wa duara ulikuwa uleule.

Dalili: mkia unatupa, hasa ukiachia mafuta au mvua ikinyesha

Umeruka hatua, au mtu aliyekuuzia gari aliruka. Angalia kwanza kama stabilaiza ya nyuma imefungwa kwenye tundu gumu. Irudishe kwenye laini. Angalia kama tairi za nyuma ni kuukuu kuliko za mbele. Kisha omba mashine ya alaimenti ikusomee too ya nyuma. Too ni jinsi magurudumu yanavyoelekea ukiyatazama kutoka juu, kama nyayo za mtu aliyesimama: vidole vikielekeana ni too ya ndani, vikiachana ni too ya nje. Too ya nje nyuma, hata ndogo, inalifanya gari liwe na wasiwasi kila unapogusa breki ndani ya kona. Nyuma inarekebishwa kwa bolti yenye kichwa cha duara lililokaa upande, ndani kwenye mkono wa nyuma wa pembeni. Mara nyingi bolti hiyo imeshika kutu ndani ya bushi yake. Inyunyizie oili ya kulegeza kutu siku mbili kabla, asubuhi na jioni. Fundi akiilazimisha ikakatika, siku yako imekwisha.

Bushi za mikono mirefu ya nyuma, ile inayokwenda mbele na nyuma ya gari, nazo zikichanika zinaacha gurudumu lijielekeze lenyewe. Ingia chini na tochi, ingiza bisibisi ndefu, bana taratibu. Mpasuko utafunguka kama mdomo.

Dalili: usukani mlegevu, unakata halafu unasubiri

Kama tairodi na raki endi umezipitisha kwenye kutikisa, kagua bushi zinazoshikilia raki yenyewe kwenye gari. Mtu mmoja akate usukani kushoto na kulia injini ikiwa inawaka na magurudumu yako chini, wewe utazame raki kwa tochi ukiwa pembeni. Ikitembea kabla ya gurudumu kukata, umempata mwizi. Bushi za poliyurithani za raki ni za bei ndogo na kazi yake haizidi saa mbili.

Halafu bushi ya nyuma ya kontroli amu ya mbele. Hii hufa kimya. Gari linakuwa na tabia ya kuhama njia unapofunga breki kwa nguvu.

Poliyurithani au raba ya kiwandani? Kwa gari la kwenda kazini kila siku na kona mwisho wa wiki, naweka poliyurithani kwenye raki na stabilaiza, na raba mpya ya kiwandani kwengine kote. Poliyurithani kila mahali italeta kelele za mlango wa kanisa la zamani ukikosa kuipaka grisi yake, na vumbi letu linaikausha haraka.

Dalili: kitu kinagonga

Mlio wa haraka, mwepesi, kwenye rasta ndogondogo, magurudumu yakipishana: stabilaiza linki. Kosa la gereji nyingi ni kuzikagua gari likiwa limeinuliwa magurudumu yote mawili yananing'inia. Hapo mzigo umebadilika na linki mbovu inaweza kujionyesha nzima. Zikague gari likiwa limesimama kwa miguu yake, shika linki kwa mkono, mwenzako atikise bodi pembeni. Utauhisi mgongano kwenye vidole.

Mlio mmoja mzito ukikata usukani ukiwa umesimama, au ukivuka tuta: maunti ya juu ya shokapu. Fungua boneti, weka kiganja juu ya mnara, mwenzako akate usukani. Springi ikijisokota halafu ikaruka, kiganja kitajua.

Wenye STI, ile Impreza kali zaidi, mna la kwenu. Shokapu zake zimegeuzwa juu chini, na mafuta ya ndani ya ala yakikauka zinagonga hata kama bado ni nzima. Zikifunguliwa na kupakwa grisi inayofaa zinanyamaza.

Na kuna mgongano unaoletwa na matengenezo yenyewe. Bushi nyingi za raba zimegandishwa kwenye ala ya ndani na ya nje; hazizunguki, zinajisokota. Fundi akikaza bolti ya kontroli amu gari likiwa hewani na gurudumu limening'inia, amekaza raba ikiwa kwenye pembe ya kuning'inia. Ukiteremsha gari raba inasokoteka mpaka mwisho na inakaa hivyo maisha yake yote, ambayo yatakuwa mafupi. Nilibadilisha bushi zilezile mara mbili kwa miezi saba kabla ya mzee mmoja wa gereji kuniuliza, "Mlikaza liko wapi?" Utaratibu ni kushika bolti kwa nguvu kidogo likiwa juu, kuliteremsha, kulitikisa likae, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo gari likiwa limebeba uzito wake. Kama huna shimo, pandisha magurudumu yote manne juu ya vipande vya mbao vipana.

Dalili: linakula tairi upande wa ndani

Watu wanailaumu kemba. Kemba ya nyuzi moja na nusu hasi peke yake haili tairi kwa kasi inayotisha. Inayokula ni too. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu kinyume. Ukihisi laini upande mmoja na makali kama msumeno upande wa pili, ni too.

Ukienda alaimenti dai karatasi yenye namba za kabla na baada, za magurudumu manne. Kuna sehemu wanarekebisha too ya mbele tu, wananyoosha usukani, wanachukua hela. Gari liwe na nusu tangi ya mafuta, upepo sahihi, na kama unaendesha peke yako, mtu wa uzito wako akae kiti cha dereva. Ninayoomba mimi ni kemba ya mbele nyuzi 1.3 hasi, ya nyuma nyuzi 1 hasi au karibu na hapo, too sifuri mbele, na nyuma too ya ndani kidogo sana, milimita moja kwa jumla.

Dalili: maegeshoni, ukikata usukani hadi mwisho, gari linajikaza na tairi zinaruka

Hii si saspensheni. Usinunue chochote cha humu. Pima mzingo wa tairi nne kwa utepe. Zikiwa sawa, mtu akague difu ya katikati. Kwenye gia za mkono ni ile kapolingi yake ya mnato iliyokufa.

Dalili: linadunda, au limekuwa gumu na baya tangu lishushwe

Nimeyaweka mwisho kwa sababu ndipo hela nyingi zinapotea.

Shokapu iliyochoka hujulikana baada ya bonde, si kwenye tuta. Gari likishuka kwenye bonde na kupanda, linapaswa kutulia mara moja. Likiinama tena mara ya pili, shokapu zimekwisha. Kusukuma kona ya bodi kwa mikono kunakamata zilizokufa kabisa tu; iliyobaki nusu inapita mtihani huo vizuri. Tazama pia kijiti cha shokapu, kile kinachoingia na kutoka: jasho la oili likichanganyika na vumbi linafanya tope jeusi.

Badilisha mbili mbili. Kama unabaki na springi za kiwandani, KYB Excel-G zinakurudisha pale gari lilipokuwa likiwa jipya, na hapo ni mahali pazuri kuliko wengi wanavyokumbuka. Ukitaka kukaza zaidi bila kushusha, Bilstein B6 ni za urefu wa kawaida. B8 ni fupi, kwa ajili ya springi fupi. Kuchanganya hizo mbili ni kosa ambalo muuzaji hatakuzuia kulifanya. Ukinunua mtumba, bonyeza kijiti mpaka chini sakafuni: kishuke kwa ukinzani sawa mwanzo hadi mwisho, na kwa zenye gesi kirudi juu chenyewe. Kikishuka sentimita mbili bure ndipo kikashika, irudishe kwenye rundo. Zile zilizotobolewa, zikajazwa oili na kuchomelewa, sizitaji kwa sababu sitaki kugombana na mtu.

Sasa kushusha. Shokapu ina safari yake, na mwisho wa safari hiyo kuna raba ya kikomo, kipande laini kilichovaa kijiti. Ukishusha gari sentimita nne kwa springi fupi na kuacha shokapu ya kiwandani, umekula sentimita nne za safari ya kwenda chini. Kwenye kona, bodi likilala, upande wa nje unafika kwenye raba. Springi iliyokuwa inabeba mzigo taratibu inageuka ghafla kuwa ukuta, uzito wote unarukia tairi ile moja, na tairi inaachia bila kukuonya. Ndicho kilichonipata Lushoto. Ukitaka kuhakikisha kwako, funga kijiplastiki cha kubania nyaya kwenye kijiti cha shokapu, kisukumwe na mwili wa shokapu, uendeshe siku moja. Jioni kitakuwa kimeganda pale safari ilipoishia. Changu kilikuwa kimebanwa ndani ya raba ya kikomo, kimekatika.

Kuna na la pili, halionekani kwa macho. Kontroli amu ya mbele, gari likiwa kwenye urefu wake, inaelekea chini kidogo kutoka bodi kwenda gurudumu. Ukishusha gari, inakuwa sambamba na ardhi, au inaanza kuelekea juu. Kitovu ambacho bodi linalalia kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka, kwa hiyo gari fupi linaweza kutaka kulala zaidi kwa kila kona, labda springi ziwe ngumu kiasi cha kufidia. Zile zangu za bei ndogo zilikuwa fupi tu. Ngumu hazikuwa.

Na kama mtu atakwambia gari la spoti lazima liguse ardhi, mkumbushe Impreza zilizoshinda Safari Rally Kenya mwaka 1997, Colin McRae akiwa usukanini, na mwaka 2000 kwa mkono wa Richard Burns. Zilikuwa juu, zenye safari ndefu ya shokapu, kwa sababu gurudumu lililo hewani halishiki kitu. Lami ya Mombo si vumbi la Safari, nakubali, lakini ina mashimo, na shimo halijui tofauti.

Ukishusha kwa lazima, shusha kwa sentimita mbili hivi, weka shokapu zilizoundwa kwa urefu huo, tafuta raba ya kikomo ya saizi yake, na rudi alaimenti. Kukata springi kwa grainda sitakujadili.

Mimi nilirudisha springi za kiwandani, shokapu mpya za KYB, tairi mpya nne za 205/55R16, stabilaiza ya 22 nyuma, kemba kwa bolti ileile iliyokuja na gari. Kwenye duara la ndoo nilitoka kilomita 35 hadi 39 kwa saa, na sehemu kubwa ya hizo nne ilikuja siku ya tairi. Zile springi fupi bado ziko stoo, ndani ya gunia la sulfeti. Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye GDA ya bluu alikuja kuziulizia bei. Nikachukua tochi, nikachuchumaa kwenye tairi yake ya mbele. 1812.